Jaketi za Ngozi za Marubani wa Kale: Namna ya Kuwalinganisha Watengenezaji wa Nakala Zake

Anayetafuta jaketi ya ngozi kama zile za marubani wa Vita vya Pili vya Dunia kwa kawaida huanza kwa kuuliza: kati ya Eastman, Aero na The Real McCoy's, nani anashona vizuri zaidi? Nami nilianza hivyohivyo. Nilisoma sifa za kampuni moja, nikalipa, nikaletewa jaketi nzuri ya ngozi nzito isiyofanana na kitu chochote kilichowahi kuvaliwa ndani ya ndege. Ilikuwa pana mabegani, ndefu hadi chini ya makalio, na ina mifuko ya kupashia mikono joto ambayo A-2, jaketi ya marubani wa Jeshi la Marekani wakati wa vita, haikuwa nayo. Aliyeniuzia hakunidanganya. Mimi ndiye sikuwa najua ninachokitafuta.

Tangu hapo silinganishi mtengenezaji na mtengenezaji mwenzake. Naweka jaketi halisi katikati, kisha namsogeza kila mmoja karibu nayo na kuangalia nani amebaki mbali. Hatua zinazofuata zimejengwa juu ya wazo hilo.

Hatua ya 1: Chagua jaketi halisi kabla ya kumchagua fundi

Jina "jaketi ya rubani" limebeba nguo nyingi zisizofanana. Nne ndizo zinazonakiliwa zaidi.

A-2 ilipitishwa na kikosi cha anga cha Jeshi la Marekani tarehe 9 Mei 1931. Ilichukua nafasi ya A-1 ya mwaka 1927, ambayo ilifungwa kwa vifungo na ilikuwa na kola ya sufu. A-2 ina zipu, kola ya ngozi, mikanda ya mabegani, mifuko miwili mbele, na sufu iliyofumwa mikononi na kiunoni. Ununuzi wake ulisimamishwa mwaka 1943, jaketi za kitambaa zikashika nafasi.

Jaketi ya wanamaji wa Marekani ilipitia majina kadhaa: M-422A, kisha AN-J-3A, hatimaye G-1, jina inalojulikana nalo hadi leo. Huitambua kwa kola ya manyoya ya kondoo, ngozi ya mbuzi, na mikunjo nyuma ya mabega inayofunguka unaponyoosha mikono mbele.

B-3 ya mwaka 1934 ni koti zito la ngozi ya kondoo yenye manyoya ndani. Ilishonwa kwa ajili ya watu waliofanya kazi juu sana angani, ndani ya ndege zisizo na joto. Irvin ni ndugu yake wa Uingereza. Ilibuniwa na Leslie Irvin, Mmarekani, mmoja wa waanzilishi wa miavuli ya kurukia, aliyefungua kiwanda chake Letchworth, Uingereza, na ikawa vazi la marubani wa RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza.

Ukichagua A-2 hujamaliza, na hapa ndipo wengi hupotea. Jeshi lilitoa maelezo na mchoro, kisha kampuni za nguo zikaomba mikataba ya kushona: Rough Wear ya Middletown, Pennsylvania, Aero Leather ya Beacon, New York, J. A. Dubow ya Chicago. Pia Perry Sportswear, Bronco, Star Sportswear, Cable Raincoat, Doniger, Monarch, United Sheeplined na wengine. Kila kampuni ilikata ngozi kwa kiolezo chake. Kola ya mmoja ina ncha ndefu, ya mwingine fupi. Wapo waliosimamisha kola juu ya ukanda wa ngozi shingoni, na wapo walioishona moja kwa moja. Vifuniko vya mifuko, upana wa mabega na urefu wa mikono, vyote vilitofautiana. Hata kampuni moja ilibadilika kutoka mkataba hadi mkataba, na ndiyo sababu wapenzi wa jaketi hizi huzungumza kwa namba: Rough Wear 42-1401-P, Rough Wear 27752, Dubow 27798, Aero 42-18775-P.

Kwa hiyo angalia picha nyingi za jaketi halisi, hasa za makumbusho na za minada ambako lebo imepigwa picha kwa karibu. Usiangalie rangi kwanza. Angalia kola, kisha mifuko, kisha mabega. Ukipata moja inayokuvutia kila unaporudi kuitazama, andika jina la kampuni na namba ya mkataba. Hicho ndicho kipimo chako.

Hatua ya 2: Jipime, kisha pima jaketi uliyonayo

Namba ya saizi haitoshi. Saizi 40 ya mtengenezaji mmoja yaweza kuwa 42 ya mwingine, na mikataba ya zamani nayo haikulingana. Vipimo vinne vinatosha, vyote vikichukuliwa jaketi ikiwa imelazwa mezani, zipu imefungwa:

1. Kifua: kutoka kwapa hadi kwapa.
2. Mabega: kutoka mshono wa bega hadi mshono wa bega, kupitia mgongoni.
3. Mkono: kutoka mshono wa bega hadi mwisho wa sufu.
4. Mgongo: kutoka chini ya kola hadi mwisho wa sufu ya kiunoni.

Pima kwanza jaketi yako inayokukaa vizuri, kisha pima kifua chako mwenyewe juu ya fulana. Kwa A-2 nafasi nzuri ni kama sentimita 10 hadi 12 zaidi ya kifua chako kwa mzunguko wote. Mwenye kifua cha sentimita 102 atafute jaketi yenye sentimita 56 hadi 57 kutoka kwapa hadi kwapa. Akipenda kuvaa sweta nzito ndani, aongeze kidogo.

Urefu ndio unaowashtua wengi. A-2 ya kweli ni fupi, na sufu yake hukaa kiunoni, pale suruali za enzi hizo zilipofika. Aliyezoea suruali za kiuno cha chini ataona fulana ikichungulia. Watengenezaji kadhaa huongeza urefu ukiwaomba. Kuomba sentimita mbili hakuharibu kitu, lakini ukiomba tano sura yote inabadilika, kwa sababu mifuko inabaki juu na chini panakuwa patupu. Ni bora kubadili suruali.

Hatua ya 3: Wajue watengenezaji kwa makundi

Kundi la kwanza ni la wachimbuzi, yaani wanaonunua jaketi halisi, kuzichunguza na kunakili mkataba mmoja mmoja. Eastman Leather Clothing ya Devon, Uingereza, imejulikana kwa kazi hii tangu miaka ya 1980. Hushona A-2 za kampuni mbalimbali za zamani, jaketi za Irvin na za marubani wa Kijerumani. Bill Kelso nayo hufuata mikataba. Good Wear, ya jimbo la Washington huko Marekani, ni karakana ya fundi mmoja, na wapenzi wengi huitaja kwanza panapozungumzwa usahihi wa kiolezo. Fundi mmoja maana yake ni foleni ndefu, jiandae kungoja.

Wajapani wamo humu pia. The Real McCoy's na Buzz Rickson's, chapa iliyoanzishwa mwaka 1993 na kampuni ya Toyo Enterprise, huchukulia kila uzi kwa uzito, kuanzia lebo hadi utepe wa zipu. Ukiwa na umbo kubwa, angalia jedwali lao la vipimo mapema, maana saizi kubwa huwa chache.

Aero Leather Clothing ya Galashiels, Scotland, nimeiweka peke yake. Ilianzishwa mwaka 1981 na si ile kampuni ya Beacon, bali imechukua jina lake. Nguvu yake ni kukubali maagizo: unachagua ngozi, bitana, rangi ya uzi na vipimo. Hiyo ni neema kwa anayejua anachotaka. Asiyejua hujikuta ameagiza A-2 ya ngozi nene ya pikipiki.

Kundi la pili hushona kwa ajili ya mvaaji wa leo. Cockpit USA ya New York, iliyoanza mwaka 1975 kwa jina la Avirex, ina jaketi pana zaidi na nyingine zenye mifuko ya pembeni. Gibson & Barnes ya California huvisha marubani wanaoruka sasa hivi. Wala si kosa, kwa sababu Jeshi la Anga la Marekani lenyewe liliirudisha A-2 mwaka 1988 kwa ngozi ya mbuzi, na baadaye ikaongezwa mifuko ya pembeni. Kama hiyo ndiyo unayoitaka, mchimbuzi wa mikataba ya 1942 hatakufaa kwa lolote.

Kundi la tatu ni karakana zinazoshona kwa vipimo vyako kwa bei ya chini, nyingi zikiwa Sialkot, Pakistan, mji mashuhuri kwa kazi za ngozi. Ubora hapa hutofautiana sana kati ya karakana moja na jirani yake, na ndiyo maana hatua zinazofuata zina uzito zaidi kwao.

Kabla ya kuendelea, tazama tarehe ya kila sifa unayosoma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hata bila nia mbaya, kiwanda cha ngozi hubadilika, fundi mkuu hustaafu, kiolezo huchorwa upya. Picha za jaketi iliyoshonwa miaka kumi na mitano iliyopita hazikuambii utakacholetewa wewe.

Hatua ya 4: Ngozi

A-2 nyingi zilikuwa za ngozi ya farasi, nyingine za mbuzi. Farasi ana ngozi yenye nyuzi zilizoshikamana sana. Ikitengenezwa vizuri inang'aa taratibu, na mikunjo ya viwikoni inabaki kama mistari ya kiganja. Mbuzi ana vijipele vinavyoonekana kwa macho, ni mwepesi, na hachaniki kirahisi. Ng'ombe hufaa, ila sura yake ni laini na tulivu zaidi. Kondoo asiye na manyoya ni laini kama kitambaa na huchanika upesi. A-2 ya ngozi hiyo ni ya kuvaa dukani tu.

Swali la pili ni jinsi ngozi ilivyotengenezwa. Tanini za magome huchukua muda mrefu na hutoa ngozi inayoshika mikunjo na kubadilika rangi kwa kuvaliwa. Chumvi za kromu hufanya kazi haraka, na ngozi yake hubaki na rangi ileile na kuvumilia maji zaidi. Viwanda vingine huchanganya njia zote mbili, kama Horween ya Chicago, iliyoanza mwaka 1905, kwa ngozi yake iitwayo Chromexcel. Shinki Hikaku ya Himeji, Japani, ni jina jingine utakalokutana nalo mara nyingi kwenye ngozi ya farasi. Fundi akikutajia kiwanda chake bila kusitasita, hiyo ni dalili njema.

Tatu, unene, na hapa nina msimamo mkali. Kosa linaloharibu nakala nyingi ni ngozi nene kupita kiasi. Watu huamini unene ndio ubora. Jaketi halisi za A-2 zilikuwa nyepesi kiasi cha kumruhusu mtu akae saa nyingi amebanwa kwenye kiti, akigeuza shingo na kunyoosha mkono. Milimita 1 hadi 1.3 inatosha. Ikifika 1.5, mikono husimama kama mabomba na kola haikubali kulala. Hilo lafaa kwenye pikipiki.

Omba vipande vya sampuli. Kunja kipande uso nje na uangalie kama rangi inapasuka juu kama rangi ya ukutani. Ikipasuka, ngozi imefunikwa kwa plastiki nene. Dondosha tone la maji pembeni, kisha lisubiri: rangi iliyopakwa kwa wepesi hubadilika kidogo tone linapoingia. Piga picha vipande vyote vikiwa pamoja kwenye mwanga wa mchana, maana picha za watengenezaji hupigwa kwa taa tofauti na rangi haziaminiki. Za A-2 ni mbili kuu: kahawia inayoelekea wekundu, na kahawia iliyokolea karibu na nyeusi. Jaketi nyingi za rangi ya kwanza zilipakwa rangi upya ghalani kuwa za pili, na nakala zinazoonyesha wekundu ukijitokeza kwenye kingo zinafuata historia hiyo.

Kwa B-3 na Irvin, uliza manyoya yana urefu gani na kama yamekatwa sawa. Uliza pia kama mishono imefunikwa kwa kanda za ngozi, kwa kuwa mshono mtupu wa ngozi yenye manyoya huachia mapema.

Hatua ya 5: Linganisha picha, ukianza na lisilorekebishika

Chora jedwali. Safu ya kwanza ni jaketi halisi uliyoichagua, na safu zinazofuata ni za watengenezaji watatu, si zaidi. Usiupe kila mstari alama sawa. Zipu hubadilishwa, sufu hubadilishwa, hata bitana hushonwa upya. Kiolezo hakibadilishwi baada ya ngozi kukatwa. Kwa hiyo kiolezo kichukue nusu ya alama zote, ngozi robo, na vilivyobaki vigawane robo ya mwisho.

Kwenye kiolezo tazama umbo la kola ikiwa imelala, kona za vifuniko vya mifuko, umbali kati ya mfuko na zipu, na jinsi mkono unavyoingia begani. Mkono wa A-2 nzuri huingia juu na kwapa halijashuka, hivyo ukiinua mkono jaketi haipandi yote. Kisha geuza picha ya mgongo. Mgongo wa A-2 ni kipande kimoja cha ngozi. Ukiona mshono katikati au ukanda unaokata mabega, huyo ametumia ngozi ndogo au hakujali mchoro, na unaweza kumfuta kwenye jedwali.

Kwa G-1 tazama mikunjo ya mgongoni kama inafunguka kweli au ni mstari wa kushonea tu. Tazama pia herufi USN (kifupi cha jeshi la wanamaji la Marekani) zilizotobolewa kwenye ukanda wa ngozi ulio nyuma ya zipu.

Zipu za wakati huo zilitoka Talon ya Meadville, Pennsylvania, Conmar, na Crown. Wachache hutumia za zamani zilizobaki maghalani, wengine nakala mpya. Mimi huchagua nakala mpya nzuri kwa jaketi ya kuvaliwa kila siku, kwa sababu zipu ya miaka themanini ikikatika jino, huna pa kukimbilia. Sufu ya mikononi iwe sufu kweli. Nyuzi za plastiki hulegea na hazirudi.

Hatua ya 6: Mwandikie fundi

Barua moja fupi yenye maswali ya uhakika hukuonyesha mengi kuliko tovuti nzima. Yangu huwa hivi:

- Jaketi hii inafuata mkataba upi, na kiolezo kilichukuliwa kutoka jaketi halisi ya saizi gani?
- Vipimo vinne vya saizi yangu vikiwa vimelazwa ni vipi, na tofauti inayokubalika ni kiasi gani?
- Ngozi inatoka kiwanda gani, ina unene gani, imetengenezwa kwa tanini au kromu?
- Sufu ni asilimia ngapi?
- Nikihitaji kubadilishiwa saizi, nani analipa usafirishaji?
- Ni lini itakuwa tayari, na malipo ya awali yanarudishwa katika hali gani?

Swali la kwanza ndilo chujio. Mtu aliyefanya utafiti hulijibu kwa furaha, pengine kwa aya tatu. Anayerudia maneno ya tangazo lake hajawahi kushika jaketi halisi. Kuhusu swali la tano, fahamu kuwa jaketi iliyoshonwa kwa vipimo vyako mara nyingi hairudishwi kabisa. Ushuru wa forodha nao uuhesabu kabla ya kulipa, maana hutozwa juu ya bei na mara nyingi hata juu ya nauli ya mzigo.

Kwa wenye haraka, soko la mitumba ya nakala hizi ni zuri. Jaketi za Eastman, Aero na za Kijapani huuzwa na wamiliki waliokosea saizi, zikiwa hazijavaliwa sana. Mwombe muuzaji apige picha utepe wa kupimia ukiwa juu ya jaketi, siyo aandike namba tu.

Hatua ya 7: Siku inapofika

Usikate lebo. Usivae nje. Ilaze mezani na upime vipimo vyote vinne ukilinganisha na ulivyoandikiwa. Kisha ivae ndani ya nyumba kwa saa moja, na nusu ya saa hiyo uwe umekaa ukiwa umenyoosha mikono mbele kana kwamba umeshika usukani. Jaketi hii ilikatwa kwa mtu aliyekaa. Ikikubana ukiwa umesimama lakini ikatulia ukikaa, iko karibu na ukweli. Ikikubana kwapani ukiwa umekaa, irudishe.

Kagua mishono kwenye pembe za mifuko na mahali mikanda ya mabegani inapoanzia. Fungua zipu mara kumi. Pini ya chini ingizwe mpaka mwisho kabla ya kuvuta, na usikae zipu ikiwa imefungwa hadi juu, kwa kuwa hapo ndipo meno ya chini huachia. Ikiwa ngumu, isugue na mshumaa.

Ngozi mpya ya farasi hulia unapotembea na viwiko hukataa kukunja. Usiipake mafuta kuiharakisha, yanazima rangi na kulegeza nyuzi. Ivae kila siku kwa wiki mbili hata kama ni kwa kusomea kitabu kitini. Usipoivaa, itundike kwenye kiango kipana cha mbao, mahali penye hewa, na uikague sufu ya mikononi kila mwezi, kwa sababu nondo huanza hapo kabla hujaona tundu lolote kwingineko.